Lenzi ya Kukodi ya Maini

Wateja wa buchani walimwita Maini, kwa sababu yeyote aliyemwambia ana mgonjwa nyumbani alifungiwa kipande cha maini cha bure. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amechinja mbuzi na ng'ombe, akatundika mapaja kwenye kulabu na kupasua mifupa kwa shoka juu ya gogo, wala hakuna siku damu ilimkatisha hamu ya chakula. Jumapili alipiga picha: ndege wa uani, paka wa jirani, mkewe akianua nguo.

Familia ilipopanga kwenda mbugani, alikwenda kukodi lenzi ndefu ya kuvuta vitu vya mbali. Mwenye duka, mama mmoja aliyezoea kuweka miwani kichwani, alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Hii itakuletea mnyama mpaka puani. Usitetemeke."

"Mimi na wanyama tunajuana, mama," Maini akacheka.

Shemeji yake, fundi magari, ndiye aliyeendesha. Nyuma walikaa mke wa Maini na binti yao wa miaka sita. Saa nne asubuhi vumbi likatimka ng'ambo ya bonde. Kwa macho matupu vilionekana vidoti tu vinavyokimbizana. Maini akaegemeza lenzi dirishani.

Mbwa mwitu saba walikuwa wamemzingira swala jike mwenye mimba. Mmoja alimkamata pua akaning'inia. Wengine walimpasua tumbo, matumbo yakamwagika, naye angali amesimama. Maini alibonyeza, akabonyeza tena. Kazini kwake kisu kilipita mara moja, mnyama akaisha. Huyu hakuisha. Aliliwa amesimama, macho yamemtoka, hadi walipomchomoa kitoto chake chenye miguu kama njiti, wakakigombania na kukichana vipande viwili.

"Baba, wanacheza?" binti akauliza.

"Wanacheza, mama."

"Hebu na sisi tuone, shemeji!" Fundi akaishika lenzi. "Au umejikodia peke yako?"

"Acha."

"Mtoto naye aone bwana. Njoo, mjomba akushikie."

Akaivuta kwa nguvu. Maini akamtandika ngumi ya pua. Hakupima. Mfupa ukalia ko!, damu ikarukia usukani na kioo. Fundi akamvamia, akamkaba koo kwa mkono mmoja na kumgongesha kichwa mlangoni kwa mwingine, mara tatu, mara nne. Maini aliikumbatia lenzi kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukitwanga mbavu. Mke alipiga mayowe, akavuta mashati, akaona hapatikani kitu, akamng'ata kaka yake mkono mpaka akaachia. Mtoto alikuwa amejikojolea.

Safari ikaishia hapo. Mke ndiye aliyeshika usukani kuwarudisha, macho mbele.

Dukani, mama wa miwani alizipitia picha. Kwenye ile ya kitoto akaishusha miwani machoni. "Yesu wangu. Hii gazeti lolote litaichukua."

Lenzi haikuwa na hata mkwaruzo. Maini alifuta picha zote pale pale, akabakiza hiyo moja, akaipeleka gereji. Shemeji, plasta imevuka uso, alifuta grisi mikononi, akaitazama.

"Ungesema tu, shemeji."

"Mbele ya mtoto?"

Fundi akamrudishia kamera, akajiingiza tena chini ya gari. Hakusema amesamehe. Pua ilipona ikiwa imepinda, na hadi leo akija kuwatembelea hukaa kiti cha karibu na mlango.

Aliyekawia kupona zaidi ni binti. Kwa wiki nyingi baba yake akinyanyua mkono mezani, hata kufuata chumvi, alijikunja na kuficha uso. Hakuna picha ambayo angeweza kumwonyesha ili amwelewe. Basi Maini akajifunza kuweka mikono mapajani na kuomba, taratibu, asogezewe.