Nati ya Gitaa la Kwaya

Sijawahi kukabwa koo kanisani. Leo nimekabwa.

Shingo ya gitaa la kwaya ilikuwa imepinda, na nati ya chuma cha ndani kinachoinyoosha imekwama. Nikasema tulegeze nyuzi kwanza, kisha niizungushe polepole.

Ombati, fundi wa malori hapa Masimba, akacheka. "Karani, hii si faili!"

Akaivisha spana bomba la chuma kurefusha mpini, kama anavyofungua magurudumu, akasukuma kwa nguvu zote.

Shingo ikapasuka. Uzi ukakatika, ukamchana shavu.

Akanikaba koo, akanibana ukutani, bomba juu ya kichwa changu. "Ni wewe!"

Mke wa mchungaji akaingia. "Nani amevunja?"

"Mimi, Mama," nikasema.

Ombati akanipangusa kola kwa mkono wenye damu. "Msamehe, Mama. Bado ni kijana."

Nyinyi mngejibu nini?