Muziki wa Mgongoni

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba yangu alifariki kijijini kwetu Kiriba na mimi nikaacha shule darasa la tatu. Shida zilianzia hapo. Nikapata kazi kwa mtu mmoja wa Musoma aliyezunguka vijijini kupiga santuri kwenye sherehe. Nilimbebea betri ya gari kichwani, tukifika nakaa nyuma ya boksi la spika kulinda waya usichomoke. Wenzangu wanacheza mbele, mimi nimeegemeza mgongo kwenye boksi. Kwa hiyo muziki sikujifunza kwa masikio. Nilijifunza kwa mgongo. Ukitaka kucheka, cheka.

Betri hiyo ndiyo iliyonifikisha kuwa na muziki wangu wa kukodisha, Musoma, Bunda mpaka Butiama. Basi mwaka jana binti yangu wa mwisho, aliyekulia kati ya nyaya zangu, akaniletea kitu kinaitwa jungle. Nikakisikiliza kwenye simu yake, nyumbani Nyasho, Musoma mjini.

"Mwanangu, hii ni singeli imepotea njia."

"Si singeli, baba. Imetoka Uingereza, kwa watoto wa Wajamaika na wenzao. Wanachukua kipande cha ngoma cha wimbo wa zamani, wanakikatakata, wanakikimbiza, halafu chini wanaweka besi ya rege."

"Wanakikatakata kama sangara?"

"Kama sangara. Halafu wanampanga upya, mkia mbele."

"Na ile nyingine unayopigaga ukifua nguo?"

"Ile ni drum and bass. Mdogo wake huyu, kapigwa pasi kaenda mjini. Jungle bado ana vumbi miguuni."

"Na dubstep?"

"Binamu yao mvivu. Anatembea, hakimbii."

Ukoo nikauelewa. Muziki wenyewe sikuuelewa, nilisikia makopo yanamwagika tu. Ndiyo maana alipoomba kuupiga kwenye harusi moja ya Kibara, nikamwekea sharti mbele ya mama yake. Nusu saa ni yako. Watu wakicheza, utapiga unachotaka. Watu wakikaa, hugusi tena mitambo yangu, unarudi dukani kuuza kava za simu. Huyu mtoto mitambo anaipenda kuliko chakula. Akasema, "Sawa baba. Ila besi usinipunguzie."

Kibara turubai lilijaa. Keki ikakatwa, zawadi zikatolewa, binti yangu akaanza. Vijana wakaingia kwa fujo, miguu mbio kama kwenye singeli. Nyimbo mbili tu, wanahema. Wazee hata hawakuinuka. Shangazi wa bwana harusi, mama mnene mwenye sauti, akapiga kelele, "We binti, unatuwahisha wapi? Gari la Bunda limeshaondoka!"

Watu wakaangua kicheko, wakaanza kurudi vitini. Binti yangu hakuinua macho. Anazungusha vitufe, midomo kaibana.

Mimi nilikuwa naogopea spika zangu. Nikaenda nyuma ya boksi la besi kuangalia kama hazijaanza kuchanika, na kwa mazoea nikaegemea. Mgongo ukaniambia jambo jingine kabisa. Kule mbele ngoma zinakimbizana kama kuku walioona kicheche. Huku nyuma besi inatembea taratibu, nusu ya mwendo ule, kama ng'ombe aliyeshiba anarudi zizini. Nyimbo mbili ndani ya wimbo mmoja! Na wewe unachagua utembee na upi. Sisi wote tulikuwa tumekimbilia ule wa juu.

Nikamnyang'anya mshereheshaji maiki. "Nyie! Acheni kufukuza kuku. Fuateni ng'ombe!"

Nikaingia katikati peke yangu. Mabega nikayapa besi, miguu polepole, ngoma nikaziacha zipite juu ya kichwa.

"Mzee!" shangazi akaita. "Kiuno hicho umekikodi wapi?"

"Hiki changu. Kukodisha nakodisha viti."

Akafunga khanga vizuri akaja. Alipoipata besi hakuniangalia tena. Wakaja wenzake, wakaja wazee wa upande wa bibi harusi, na vijana walipoona wamepitwa na bibi zao wakarudi wenyewe. Nusu saa ikaisha. Mshereheshaji akataka kutangaza muda wa picha, wakamzomea.

Tukiwa kwenye Kirikuu, kigari changu cha kubebea mitambo, tunarudi, binti yangu akaniuliza, "Baba, nani kakufundisha kuicheza?"

"Betri," nikamwambia. "Na usijisifu sana. Bila mgongo wangu ungekuwa unauza kava."

"Bila besi yangu mgongo wako ungesikia nini?"

Nikawasha redio.

Leo nina nyumba ya vyumba vitano Nyasho. Nina shamba Kiriba. Nina jenereta mbili, maturubai manne, viti mia tatu, Kirikuu, na maboksi manne ya spika. Yale mawili ya besi siyahesabu. Ni ya binti yangu. Nikitaka kuyaegemea, namwomba.