Tarumbeta ya Kibuyu

Wiki jana mjukuu wangu alinikalisha katikati ya sebule yake huko Kiirua, kama bibi harusi. Mbele yangu spika za aina mbili, zote zina midomo mipana kama tarumbeta, moja ya mbao, nyingine ya chuma. Dukani wamempa ajaribu kwanza. "Juju, sikiliza vizuri, uniambie nichukue gani." Huyo msichana ni injinia, mimi shule niliiacha darasa la pili, na bado ananiuliza. Si nijivune?

Akawasha muziki, nami nikarudi kijijini Muthara, nikiwa mtoto wa mapengo mbele.

Kwetu wimbi, nafaka ya uji, halikupurwa kimya. Juju wangu, yaani nyanya yangu, mama ya baba, ndiye alianzisha wimbo, wanawake wakaitikia, fimbo zikashuka pamoja. Nyimbo hizo zilikaa kichwani mwake peke yake. Lakini mwaka huo masikio yakaanza kumzimia. Akawa hasikii kiitikio, anawatangulia wenzake kama mbuzi aliyekata kamba. Wakacheka. Juju akaweka fimbo chini, akaenda kukaa jikoni na moshi, akakataa kuimba. Kiwanjani kila fimbo ikawa inashuka saa yake, punje zikarukia mchangani. Hata uji wa msimu ule naukumbuka una mchanga.

Baba alikuwa na redio ndogo. Akasema mama yake hawezi kuzikwa akiwa hai, redio itafutiwe mdomo. Kwanza akaleta mzinga wa nyuki, gogo lililotobolewa, bado linanuka asali. Akaweka redio nyuma, mdomo ukamwelekea Juju.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia ng'ombe amemeza mhubiri."

Akakunja bati kama faneli. Juju akashika shavu. "Toa hiyo! Inanyoa."

Ndipo baba akaangalia kile kibuyu kikubwa cha mama yangu, cha kuchachusha uji, shingo nyembamba, tumbo pana.

"Usithubutu," mama akasema. "Ukikikata, uji utauweka kwa kofia yako."

Juju akageukia ukuta, akafunga macho. Mama akamtazama kidogo, akachukua kisu akakata kibuyu mwenyewe, juu na chini, huku akikitukana kana kwamba ndicho kilikosa.

Redio ikawekwa kwenye shingo. Mwanamke mmoja alikuwa anaimba. Juju akainua kichwa. Tukangoja, hata kuku nafikiri walingoja.

"Huyu ana haraka ya nini?" akasema. "Si awangoje wenzake waitikie?"

Mama akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Juju hakuwa na habari na redio. Alinyang'anya kibuyu, akakigeuza, shingo sikioni, mdomo mpana nje, akatoka nacho hadi kiwanjani. Akasimama pembeni akishikilia tarumbeta yake kama polisi, akaanzisha. Wanawake wakaitikia. Akangoja mpaka wamalize, ndipo akaendelea. Fimbo zikashuka pamoja, pu! pu! Jirani aliyekuwa amecheka zaidi ndiye aliitikia kwa nguvu zaidi.

Leo wimbi wanapura kwa mashine, inanguruma, imemaliza, kila mtu kwake. Kiwanja kile kimepandwa miraa. Kibuyu sijui kilivunjikia wapi.

Nilimwambia mjukuu wangu achukue za mbao, zile za chuma zinanyoa. Akaandika kwenye simu. Halafu akauliza, "Na nyimbo zenyewe, Juju? Ziimbe nizirekodi, tuzisikie kwa hizi spika."

Nikakohoa, nikaketi wima, nikaanzisha. Mstari wa kwanza ukatoka vizuri kabisa. Nikafika mahali pa kuitikia, nikanyamaza ili wanawake waitikie, na hapo ndipo nikajua kwamba baada ya mstari ule mimi sikuwahi kujifunza zaidi ya kuitikia. Mstari wa pili ulikuwa wa Juju wangu.