Sketi ya Halima na Njuga Thelathini

Asubuhi moja ya ujana wangu haijanitoka moyoni, mwanangu, na niliikumbuka tena jana nilipokuona umekiinamia kitambaa chako, umezungukwa na lesi, vifungo vya kung'aa na utepe wa rangi nne. Ulikuwa hujakata bado. Nikasema afadhali nikusimulie kabla mkasi haujapita, maana kitambaa hakijui msamaha.

Nilikuwa na miaka kumi na minne. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, na Garissa ilikuwa maduka machache ya mabati, kituo cha askari, na mto. Sisi tuliishi nje kidogo ya mji, katika nyumba ya fito na mikeka, watu watatu tu: mimi, dada yangu mkubwa Halima, na bibi yetu aliyetulea baada ya mama kufariki. Tulimwita ayeyo, kama wajukuu wanavyoniita mimi leo.

Halima alikuwa ameolewa na mfugaji wa upande wa Wajir. Nikaha ilikuwa imeshafungwa, na zilibaki siku tatu jamaa za mume waje na ngamia kumchukua. Halima ndiye aliyenisuka nywele tangu utotoni na kunifundisha sura fupi za Kurani. Nilipougua homa, ndiye aliyenibeba mgongoni hadi mjini. Nilitaka aende na kitu changu mwilini mwake. Nikaamua kumshonea sketi, ile ya kuvaliwa chini ya guo la kujifunga begani.

Kushona sketi si kazi ngumu, nawe usiiogope. Ayeyo alinipa kipande cha marekani, kile kitambaa cheupe cha pamba, alichokuwa amekihifadhi sandukuni. Kwanza nilikiloweka na kukianika, kwa sababu marekani mpya hurudi; ukiishona kabla ya kuifua, sketi ya kufika miguuni itakuja kuishia magotini. Kisha nikapima urefu kwa shibiri, kutoka kiunoni hadi kifundo cha mguu, nikaongeza vidole vinne: viwili vya nefa, yaani ile njia ya kupitishia kamba ya kiuno, na viwili vya pindo la chini. Nikapiga bandi, mishono mirefu ya kushikilia tu, nikaitandaza nione kama imenyooka. Ndipo nikashona mshono wa kweli, mdogo mdogo, nikiirudisha sindano nyuma kila hatua ili usifumuke. Hapo ningekata uzi nikashukuru Mungu. Ilikuwa sketi nzuri, mwanangu. Nakwambia bila kujisifu.

Lakini nilikuwa nimepima kwa nguo yake ya zamani, alipokwenda mtoni kuteka maji, kwa sababu nilitaka iwe siri. Basi sikumuuliza neno. Na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Nilipoitazama ile sketi nyeupe, niliiona ni ndogo kuliko mapenzi yangu. Nikaongeza mstari wa shanga. Mstari wa shanga nao ukaonekana mpweke, nikauongezea wa pili. Mwishowe nikachukua njuga za shaba, zile kengele ndogo ndogo, nilizokuwa nimezipata kwa mchuuzi aliyetoka Mandera kwa kubadilishana na kibuyu cha samli. Zilikuwa thelathini. Nikazishona zote kuzunguka pindo. Nilipoitikisa ililia kama ngoma ya harusi, nami nikalia pia, kwa furaha.

Asubuhi nikampa. Halima aliishika, akanitazama, akaivaa palepale.

"Mashallah, abayo," akasema, na abayo kwetu ni dada. "Mikono yako hii!"

Akazunguka mara moja, sketi ikalia. Akatoka kwenda kufungua zizi, kama alivyofanya kila siku.

Sasa nikueleze jambo ambalo wewe uliyezaliwa mjini huenda hulijui. Kwetu njuga huvalishwa beberu anayeongoza kundi. Mbuzi hawaangalii njia, wanaufuata mlio. Mimi nilichunga tangu nikiwa na miaka sita, na jambo hilo nilikuwa nalijua kama jina langu, lakini siku ile halikunijia hata kidogo. Mapenzi yalikuwa yamekaa mbele ya akili.

Halima aliondoa miiba mlangoni mwa zizi, mbuzi wakatoka. Kawaida hushika njia ya malishoni. Siku hiyo walisimama, wakatega masikio, wakageuka wote wakamfuata Halima. Alipokwenda kulia, nao kulia. Aliposimama, nao wakasimama wakimtazama. Akaanza kukimbia, na hilo ndilo kosa, kwa sababu njuga zililia zaidi na mbuzi wakakimbia zaidi. Akaingia nyumbani. Wakaingia nyumbani. Mmoja alipanda juu ya kitanda cha ayeyo, mwingine akaanza kula mkeka wa ukutani.

Wanawake wa jirani walitoka kuona kulikoni. Wakacheka hadi wakakaa chini.

"Halima Njuga!" mmoja akapaza sauti. "Leo unatupeleka malisho gani?"

"Mwacheni, ndiye beberu wa mbele!" mwingine akajibu. "Halima Njuga, ukifika Wajir usisahau kuturudishia mbuzi wetu!"

Ayeyo naye alicheka, huku akimvuta mbuzi mkia atoke kitandani. Lakini aliposikia lile jina linarudiwa mara ya tatu, kicheko kikamkauka. Watu wetu, mwanangu, ni mafundi wa majina ya utani. Mtu akichechemea siku moja kwa sababu ya mwiba, ataitwa Kiwete hadi kaburini, na watoto wake wataitwa watoto wa Kiwete. Bibi harusi anakwenda kwa watu wasiomjua, na jina atakaloingia nalo ndilo atakalozeekea.

"Zainabu," ayeyo akaniita, "umemshonea dada yako sketi au umemtia kundini?"

"Nilitaka apendeze, ayeyo."

"Ulimuuliza?"

"Ilikuwa siri."

"Siri ni ya kitu cha kushika mkononi. Nguo ni ya mwili wa mtu, na mwili una kazi zake. Huko aendako atakamua mbuzi kila siku. Sketi hii ilikuwa nzuri tangu jana. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nani alikwambia nguo yako inahitaji kujipigia kelele?"

Nikaona aibu hata nikataka kuitupa mtoni. Nikamwambia Halima aivue. Unajua alinijibu nini? Aliishika kiunoni kwa mikono miwili.

"Sivui. Mdogo wangu ameishona. Nitakwenda nayo hivi hivi."

"Watakuita Halima Njuga!"

"Na waniite."

Hapo ndipo nilipoumia kweli, kuliko nilivyoumia kwa kuchekwa. Dada yangu alikuwa tayari kubeba jina la kejeli maisha yake yote ili mimi nisihuzunike. Zawadi yangu ilikuwa imegeuka mzigo, naye alikuwa ameshainama kuupokea. Nikakaa chini mbele yake na kumuuliza swali nililopaswa kuliuliza kabla ya kushona njuga ya kwanza.

"Abayo, wewe unataka sketi yako iwe na nini?"

Akaachia kiuno cha sketi, akakaa nami chini. Nadhani hakuwa amezoea kuulizwa.

"Mfuko," akasema. "Mfuko mdogo kwa ndani, wa kuwekea sindano na madonge yangu ya uzi. Kule sitakuwa na sanduku langu peke yangu." Kisha akacheka. "Na ukanda mmoja mwekundu chini. Nikiinama kuwasha moto niuone, nikukumbuke."

Basi. Mfuko na ukanda. Vitu viwili ambavyo nisingevifikiria hata ningekaa mwezi mzima.

Tulifumua njuga pamoja, siku nzima, mimi nikikata uzi na yeye akizitia kwenye bakuli lililojazwa pamba zisilie. Matundu ya sindano yalibaki kwenye pindo, na ule ukanda mwekundu ndio ulioyafunika. Uliufanya pia ule upande wa chini, unaokwaruzwa na miiba kila siku, uwe mgumu zaidi. Mfuko niliutoa katika kipande kilichobaki. Ayeyo alikwenda mwenyewe kwa jirani mmoja baada ya mwingine, akanywa chai ya watu hadi jioni. Sijui aliwaambia nini. Ninachojua ni kwamba siku ya tatu, ngamia walipofika na jamaa za mume, wanawake wote walitoka kumuaga, na hakuna aliyetamka neno njuga.

Mwaka uliofuata Halima alikuja kututembelea na mtoto mgongoni. Nilimngoja mzee wa upande wa mume aliyefuatana naye anywe maji, nikamvuta kando, nikamuuliza huko kwao dada yangu wanamwitaje.

Yule mzee alinishangaa. "Halima," akasema. "Kwani ana jina jingine?"

Mwanangu, pamba upendavyo, sikukatazi. Lesi ni nzuri, na vifungo vyako vinang'aa. Ila kwanza ifue nguo, ipime, ishone mshono ulionyooka, kisha iache usiku mmoja ukiwa umeikunja. Asubuhi muulize atakayeivaa: utakwenda nayo wapi, utafanya nayo kazi gani, na wewe unapenda nini? Akikuomba kitu kidogo, mpe hicho hicho kidogo, wala usikidharau. Tunapowapamba watu bila kuwauliza, mara nyingi tunajipamba sisi, na wao ndio wanaobeba uzito. Na ukikosea, fumua. Uzi haukasiriki.

Mwenyezi Mungu aibariki mikono yako, akupe macho ya kutunga sindano hata uzeeni, na akujaalie watu wa kuwashonea wanaokupenda kiasi cha kukwambia wanachotaka. Amina.