Bao Nililoachiwa

Ukutani kwangu, juu ya rafu ya vitabu, limetundikwa bao la msaji lenye pembe za shaba na mashimo yaliyochongwa kwa ustadi. Kila mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza huliulizia, na mke wangu, ambaye hulipangusa vumbi kila Ijumaa, hujibu kabla yangu: "Alilipata ujanani, alipowafunga Waunguja." Mgeni hunitazama kwa heshima mpya. Mimi huinama, nikajifanya kushughulika na birika la kahawa.

Vita vilikuwa vimekwisha, ila mchele ulikuwa bado unagawiwa kwa kipimo, na baadhi ya meli za kijeshi zilikuwa hazijang'oa nanga Kilindini. Nilikuwa nimerejea kutoka chuoni Uganda, nafundisha, na nina majivuno yote ya kijana aliyesoma katika mtaa ambao wengi hawakusoma. Mwaka huo wazee wa Mji wa Kale waliamua kufufua mashindano ya bao yaliyokatizwa na vita. Hakuna serikali iliyoyatambua, lakini yalikuwa mashindano ya nchi kwa nchi: walikuja Waunguja, Wangazija, na watu wa Tanga, kila kundi na namna yake ya kuyatamka maneno yale yale ya mchezo.

Mchezaji wa mtaa wetu alikuwa mjomba wangu, ndugu wa mama, tuliyekaa naye nyumba moja tangu baba yangu afariki. Mashindano yalipokaribia, homa ikamwangusha. Wazee walipokuja kumjulia hali, na kwa kweli walikuja kuulizia bao, aliwaambia bila ya kuinua kichwa kwenye mto: "Mpelekeni huyu. Nimemfundisha mimi. Kasoro yake ni kwamba adhani kila jambo lina jibu."

Ilikuwa ada ya mashindano yale kwamba wageni hawapangi vyumba. Waligawanywa majumbani, na nyumba iliyopata mgeni iliona imepata daraja. Sisi tuliletewa bingwa wa Unguja mwenyewe, mzee mwembamba wa ndevu za mvi na sauti ya upole, ambaye jina lake lilikuwa limemtangulia, likamfikia kila mwanafunzi wa bao katika pwani hii. Mama aliita vijana wawili wa jirani, akaamuru samadari ya baba iteremshwe kutoka orofani hadi sabule, kile chumba cha chini tunamolaza wageni. Tangu mazishi, hapana mtu aliyekuwa amekilalia kitanda kile. Mimi, mwanawe wa pekee, nilikuwa nalala kwenye kitanda cha kamba.

Vilevile alimpikia wali wa nazi kila siku, wali ambao kipimo chetu hakikuutosha. Aliupata kwa kubadilishana na majirani, nasi wa nyumbani tukala sima. Mgeni aliliona hilo mapema.

"Nyie mbona hamli wali?" aliuliza.

"Daktari ameukataza nyumba nzima," alijibu mjomba, aliyejikongoja hadi mkekani na shuka lake mabegani. "Asema homa yangu ni ya kuambukiza kwa njia ya wali."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Lakini niliona jinsi alivyoula wali ule polepole, punje kwa punje, kama mtu anayesoma.

Ikatokea, na hakuna aliyeipanga iwe hivyo, kwamba yeye aliwafunga wote waliokaa mbele yake, nami kwa bahati na kwa ujasiri wa ujinga nikawafunga niliopangiwa. Fainali ikawa baina ya mgeni na mwenyeji wake. Na kwa kuwa baraza yetu ndiyo iliyokuwa pana kuliko zote katika kichochoro kile cha nyuma ya Ndia Kuu, bao likatandikwa hapo, mlangoni petu.

Baada ya swala ya alasiri watu walijaa hadi kwenye vizingiti vya majirani. Walikuwako wachukuzi wa Marikiti waliokuja na vikapu vyao vitupu, makarani wa bara wa reli, na jirani yetu Mhindi, mwenye duka la shaba, aliyelitoa lile bao la pembe za shaba liwe zawadi, ingawa hakuujua mchezo hata kidogo. Muuza kahawa alipita akigonganisha vikombe. Bao halichezwi kimya kwetu; asiyejua kustahimili maneno na akae nyumbani.

"Mwalimu," alisema mchukuzi mmoja nilipokawia na kete mkononi, "hapo hapana dasta. Ukishaandika umeandika."

"Mwache," Mngazija mmoja alimjibu. "Amhesabia mzee umri wake."

Mzee naye hakubaki nyuma. Kila alipokula kete zangu alinitangazia kwa ile sauti yake ya upole, iliyouma zaidi kuliko kelele: "Nakuja, mwanangu. Funga mlango." Kisha, zamu iliyofuata: "Nilikwambia ufunge. Sasa nimo jikoni."

Kwa asiyejua bao nieleze kidogo. Kila mchezaji ana shimo moja kubwa katika safu yake ya mbele, tunaloliita nyumba, na humo huweka akiba ya kete. Kete yako ya mwisho ikiangukia nyumbani mwako, na shimo la mwenzako linaloielekea likawa tupu, una hiari. Waweza kusema umelala, zamu ikaisha. Au waweza kuichota nyumba nzima na kusafiri nayo, ukizigawa kete zake shimo kwa shimo. Aliyefagiliwa safu ya mbele amefungwa. Na kufungwa mapema, wakati baadhi ya kete zako hazijaingia mchezoni na ungali umezishika mkononi, ni fedheha ambayo mtaa hauisahau.

Kwa zamu kadhaa nilikuwa nimeiona safari yake ikija. Niliihesabu tena na tena, kwa matumaini kwamba nimekosea, na kila nilipohesabu ilinifikisha pale pale: akisafiri, ananifagia, na mimi nina kete ngumini. Ndipo kete yake ya mwisho ikadondoka nyumbani kwake. Shimo langu la mbele yake lilikuwa tupu. Mkono wake ukabaki juu ya bao.

Nilingoja aniambie nifunge mlango. Aliinua macho, akautazama mlango wetu wa kweli, ule wa nakshi, uliokuwa wazi nyuma yangu. Na kwa mlango ule ilionekana sabule, na ncha ya ile samadari.

"Nimelala," alisema.

Watu wa Mombasa walipiga kelele, kwani kwao ilikuwa zamu tu imerudi kwetu. Waunguja hawakupiga kelele. Wao walijua kuhesabu. Mmoja wao alikitua kikombe chake cha kahawa chini, akasimama, akaondoka.

Nilicheza. Ningefanya nini? Mzunguko wangu ulifika mbele ya nyumba yake nikaila, na baada ya hapo mchezo ulikuwa wa kuteremka tu. Nilinyanyuliwa juu. Jirani yetu Mhindi alinishika mikono yote miwili kwa furaha ya kweli, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini zangu zilikuwa zipi, kwa kuwa yeye aliona kete zote zafanana.

Asubuhi ya pili nilimsindikiza mgeni Kilindini, nikimbebea mkoba. Wenzake walitutangulia kwa masafa ya makusudi. Walipanda melini bila ya kugeuka nyuma.

"Mzee," nilimwambia, "kwa nini hukusafiri?"

"Nilichoka."

"Hukuchoka. Uliiona kabla sijaiona mimi."

Akasimama kati ya wapagazi na magunia, akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeuliza jambo mbele za watu.

"Mamako alinilaza kitanda cha marehemu," alisema. "Nimfunge mwanawe mlangoni pake, tena kwa fedheha ile, kisha niingie kwa mlango huo huo nikalale wapi?"

Nilihisi uso unaniwaka. Nilimwambia nitalirudisha bao, nitawaeleza wazee, nitawaandikia Waunguja.

"Utawaeleza nini? Kwamba niliuza mchezo kwa sahani ya wali? Hao walio mbele wanasema hivyo tayari. Wewe usinitilie muhuri." Akauchukua mkoba wake mkononi mwangu. "Kaa na bao lako, mwanangu. Na unyamaze. Najua ni kazi kwako."

Nilinyamaza. Nilisifiwa sokoni, nilisifiwa msikitini, wanafunzi wangu walisimama nilipoingia, kwa adabu isiyonistahili, na kila sifa ilinikumbusha kwamba imekatwa kwenye jina la mtu mwingine. Nilimwambia mama peke yake. Alikuwa akichambua choroko kwenye ungo. Aliacha kuchambua, akasema: "Ningelijua, ningelimlaza mkekani." Akaendelea na choroko zake. Tangu siku hiyo hakulitaja bao, na samadari haikurudi orofani.

Habari zilinifikia kwa watu wa meli: mzee hachaguliwi tena kuchezea Unguja. Hukaa barazani kwake, hutazama wenzake wakicheza, na hakuna anayemsogezea bao. Habari hiyo niliishi nayo mwaka mmoja na zaidi. Kisha, nilipokuwa najiandaa kwenda chuo kikuu ng'ambo, nilipanda meli nikaenda Unguja. Mama nilimwambia naenda kuaga jamaa, na yeye hakuniuliza ni jamaa gani.

Nilimkuta pale pale nilipoambiwa, mwisho wa baraza, wenzake wakiwa wamelizunguka bao na yeye akiwa nje ya duara. Alinijua mara moja.

"Karibu, mwanangu. Karibu sana. Jamani, mpeni mgeni kahawa. Na mwende mkaseme nyumbani tuna mtu wa Mombasa, atakula chakula cha mchana na atalala kwetu."

Njia nzima nilikuwa nimeyafikiria maneno hayo, kwa sababu nilijua atayasema. Nikikinywa kikombe kile, mimi ni mgeni wake, na yeye si mtu wa kumfunga mgeni wake.

"Sinywi," nilisema.

"Maji, basi."

"Sitaki. Na pa kulala nimekwisha kupata kwingine. Nimekuja kucheza bao tu."

Mtu hakatai kahawa ya mzee mbele za watu. Muuza kahawa alibaki na kikombe mkononi, hajui akipeleke wapi.

"Mombasa siku hizi wamepatwa na nini?" aliuliza mmoja wao, bila ya kumuuliza yeyote. "Au ushindi ndio unaowafundisha ujeuri?"

Niliinamisha kichwa. Sijapata kuwa mtovu wa adabu kiasi kile, kabla wala baada, na mbele ya mtu aliyestahili zaidi kuliko wote niheshimu kikombe chake. Mzee alinikazia macho. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa uchungu, kisha polepole nikauona ukikunjuka.

"Weka kikombe hicho hapo pembeni," alimwambia muuza kahawa. "Sogezeni bao."

Alicheza haraka, na maneno yake yote yalikuwa yamerudi. Alinitangazia yuko uwani, yuko ukumbini, yuko jikoni. Kete yake ya mwisho ilipoangukia nyumbani, na mbele yake pakawa patupu, hakuinua macho kutazama mlango wowote. "Hii nasafiri nayo," alisema. Nikazitazama kete zikigawanyika shimo kwa shimo hadi safu yangu ya mbele ikawa nyeupe.

Hakuna aliyeshangilia. Yule aliyeuliza habari za Mombasa aliinama, akakifungua kiganja changu kwa vidole vyake, akazitazama kete zilizobaki humo. Kisha akamtazama mzee.

"Huyu ndiye aliyekufunga?"

Mzee alikuwa akizikusanya kete. Wenzake walitazamana, na mmoja wao, aliyekuwa ameketi karibu kabisa na bao, akajisogeza pembeni ili kumpa mzee nafasi ya kukaa vizuri. Uso ulikuwa unaniwaka kama siku ile ya Kilindini, na safari hii watu wote waliuona.

"Sasa kunywa," mzee aliniambia, akinisogezea kile kikombe.

Kahawa ilikuwa imepoa. Niliinywa yote, kichwa kimeinama.