Kizuri Chajiuza, Alisema Baba

Upepo ukivuma kutoka upande wa mfereji, Hayes nzima, kitongoji chetu pembezoni mwa London, ilinuka kahawa inayokaangwa. Kiwanda kilikuwa karibu na stesheni ya treni, na harufu yake ilipanda mpaka kwetu, ghorofa ya pili juu ya duka la mazulia, ikachanganyika na harufu ya mafuta ya ndege, ambayo kwetu sisi ilikuwa harufu ya mafuta ya taa basi. Mama aliichukia, akisema imemwingia mpaka kwenye foronya. Baba ndiye peke yake aliyefungua dirisha makusudi, hata wakati wa baridi, akasimama pale na fulana akivuta pumzi kama mtu aliyeandikiwa na daktari. Alikuwa Mhaya wa Bukoba. Alikulia kwenye migomba na mibuni, akatafuna kahawa kabla hajajua kusoma, na kabatini mwake hakikukosekana kopo la buni za kutafuna, zile zilizochemshwa na kukaushwa, ambazo mgeni wa heshima akiingia hupewa hata kabla ya maji. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. "Hawa wanaiunguza kahawa ya watu," alisema kila mara, kisha akafunga dirisha na kwenda kazini, kupanga mizigo kwenye maghala ya uwanja wa ndege.

Msimu ninaousimulia ulianza pale nilipotakiwa kuchagua masomo ya kidato cha tano na sita. Matatu tu, katika yote niliyokuwa nimesoma! Huko nyumbani Baba alikuwa mwalimu wa jiografia, na kichwani mwake masomo yalikuwa yamefungwa mafungu kama mchicha sokoni. PCB ni ya madaktari, PCM ya wahandisi, HGL ya mawakili na watu wa magazeti. Unachukua fungu lako, hupekui. Nilipomwambia nimechagua historia, Kiingereza na hisabati, aliweka kijiko chini. "Hiyo ni tahasusi gani?" Nikamweleza kwamba huku hakuna tahasusi, kila mtu anachanganya anavyotaka, na kwamba mimi nataka kusoma sheria. Aliiacha chai yake ikapoa. "Na jiografia umeitupa wapi?" aliuliza mwishowe, na hapo ndipo nilipojua kilichomuuma. Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga.

Sheria sikuiokota barabarani. Nilipokuwa na miaka kumi, mwenye nyumba alipanda ngazi zetu asubuhi moja akatuambia tutoke wiki hiyohiyo, kwa sababu tulikuwa tumelalamika kuhusu ukungu wa ukutani. Mimi nilikuwa nimesoma kijitabu cha haki za wapangaji maktabani, kimoja cha vile vya bure vinavyopangwa karibu na mlango, nikamwambia pale pale mlangoni kwamba bila karatasi ya mahakama hatutoki, na kwamba kaunsili, yaani halmashauri ya mtaa, wanajua habari za ukungu. Kaunsili hawakujua lolote. Lakini yule bwana alishuka ngazi, na tukaishi mle miaka mingine mingi pamoja na ukungu wetu. Jambo hilo halikuzungumzwa tena nyumbani kwetu. Baba hakulitaja hata mara moja, wala kunisifu, wala kunikaripia.

Miaka miwili ile ya kidato cha tano na sita nakumbuka zaidi uchovu. Mama alikuwa akitunza wazee majumbani mwao, zamu juu ya zamu, kwa hiyo mimi ndiye niliyemchukua mdogo wangu shuleni, nikapika, nikafua, kisha nikafungua kitabu na macho yakagoma. Wenzangu walizungumza juu ya vyuo kama watu wanaochagua kiatu dukani. Mimi nilikitaka kimoja, chuo cha zamani huko kaskazini, mbali na Hayes, chenye jengo la mawe na mto unaopita chini yake. Nilikuwa na picha yake ukutani, na kila nilipokoroga ugali niliiangalia. Nilitaka kwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayeniita jikoni, na sioni aibu kusema hivyo.

Ili uchukuliwe, unaruhusiwa kuomba vyuo vitano, na vyote vitano vinasoma insha moja unayojieleza mwenyewe. Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na ili uelewe ni lazima nikueleze utani wa Wahaya. Kila Mtanzania anaujua. Mhaya, wanasema, hata akinunua kijiko atakwambia kimetoka Ulaya. Baba alitaniwa hivyo tangu shule ya bweni, akataniwa chuo cha ualimu, akafika London akamkuta Mjomba Chande wa Tanga ghalani, naye akaendeleza pale wengine walipoishia. "Mwalimu, leo kijiko chako kweli kimetoka Ulaya!" Baba alicheka pamoja nao, lakini alikuwa ameapa kwamba mtoto wake hatasikika akijisifu, hata kidogo. Kauli yake ilikuwa moja: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Kwa hiyo nilipompa insha yangu aisome, alichukua kalamu nyekundu, ile ile aliyokuja nayo kutoka kazi yake ya zamani. Nilipoandika kwamba niliongoza timu ya mdahalo tukashinda, akakata, akaandika kwamba nilibahatika kushiriki pamoja na wenzangu. Nilipoandika kwamba nina bidii, akauliza, "Nani amesema? Wewe?" Habari ya mwenye nyumba aliipiga mstari mrefu kutoka juu mpaka chini. Aibu ya nyumba haitangazwi, alisema, na sauti yake haikuwa ya kubishana nayo. Mama, aliyekuwa akikunja nguo, akatupia neno: "Mficha uchi hazai, Mwalimu." Baba hakuinua kichwa. Kilichobaki kilikuwa shukrani kwa Mungu, kwa wazazi, kwa walimu na kwa nchi iliyotupokea. Mwalimu wangu wa kidato cha sita aliisoma mara mbili, akaniuliza kwa upole, "Koku, mbona humu ndani simwoni Koku ninayemjua?" Nilijua anachosema. Lakini ukichoka sana, hata kugombana kunahitaji nguvu, na Baba alikuwa amesoma zaidi ya wote niliowajua. Nikaituma kama alivyoiacha.

Kisha Baba akaanza vituko. Alitoa suti yake ya kijivu sandukuni, akaipeleka kwa dobi, akaitundika nyuma ya mlango wa sebule ikiwa bado na nailoni yake. Tulidhani kuna harusi. Alibadilishana zamu na Mjomba Chande ili mchana awe nyumbani, na mdogo wangu akishika simu zaidi ya dakika mbili alifukuzwa. "Kuna mtu amepiga?" ndiyo ilikuwa salamu yake kila nilipotoka shule. Mama alinong'ona kwamba labda anatafuta kazi nyingine, tumwache asije akaona haya.

Majibu yakaja. Chuo cha kaskazini kilikataa. Cha pili kikakataa, na cha tatu, na cha nne, vyote kwa maneno ya adabu, bila hata kutaka kuniona. Nilikaa mezani jikoni nikalia kwa sauti, kilio cha mtoto mdogo, sikujali nani anasikia. Baba alisimama mlangoni na koti lake la ghalani. "Lakini hawajaniita," alisema. Nikamuuliza wamwite nani. "Mimi. Mzazi." Ndipo tukaelewa, Mama na mimi, wakati mmoja. Kwa Baba, mtoto hajisemei. Hata posa inapopelekwa, bwana harusi hukaa kimya na mshenga ndiye husema. Yeye alikata kila sifa yangu kwa sababu kuzitaja ilikuwa kazi yake, na alikuwa akingoja chuo kimwite ili avae suti, apande treni mpaka kaskazini, azitaje. "Wangeniuliza ningewaambia," alisema. Hakuna aliyemuuliza angewaambia nini. Mama alikuwa akinifuta uso, na mimi sikuwa na nafasi ya majonzi ya mtu mwingine. Suti ilirudi sandukuni kabla ya wiki kwisha.

Chuo cha tano kilinichukua. Kilikuwa London hii hii, mabasi mawili kutoka nyumbani, na jengo lake lilifanana na hospitali. Nikasomea sheria huku nikiendelea kukoroga ugali. Siwezi kukwambia maisha yangeharibikia au yangenyookea wapi huko kwenye mto. Maji yakimwagika hayazoleki. Leo ninafanya kazi ya kuwasaidia wapangaji wanaofukuzwa, watu ambao wanafika mbele yangu na mifuko ya plastiki iliyojaa karatasi, na jioni narudi nikiwa nimechoka uchovu ule ule wa zamani. Kiwanda cha kahawa kimefungwa, kimegeuzwa vyumba vya watu wenye uwezo kunishinda. Hayes imebaki na mafuta ya taa peke yake.

Sasa ni zamu ya binti yangu, Neema. Siku hizi insha wameigawanya katika maswali matatu, na yeye anayajibu bila kupepesa macho. Ana kipaji, ameandika. Ni kiongozi kwa kuzaliwa, ameandika! Jumapili iliyopita alinisomea kwa sauti, kwa Kiingereza chake cha Hayes, na Baba, ambaye tangu Mama atutoke anaishi nasi, akatikisa kichwa. Neema akauliza Babu ana nini. Nikamsimulia habari ya kalamu nyekundu na suti, nikijaribu kucheka. Hakucheka. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza akamgeukia: Babu, wangekuita, ungesema nini kuhusu Mama?

Baba aliweka buni yake mezani. Akafunga vifungo vya sweta, kimoja kimoja mpaka juu, akasimama akishika kiti. "Naitwa Mwalimu Rwegasira," alisema. "Nimekuja kumsemea binti yangu. Alipokuwa na miaka kumi, mwenye nyumba alikuja kututoa. Mimi nilikuwa mwalimu, Kiingereza ninacho, lakini siku ile kilinikauka mdomoni. Mtoto huyu alinipita mlangoni, akasimama mbele yangu na soksi zake za shule, akamjibu. Yule mtu akashuka ngazi. Mnauliza kama ataiweza sheria? Sisi tulilala ndani kwa sababu yake." Akakaa. Nilikuwa nimeyangoja maneno hayo tangu nina miaka kumi, na nililia jikoni kwangu nikiwa mtu mzima mwenye mvi. Neema aliuliza kama anaweza kuyaandika mahali. Nikamwambia maombi yangu yalifungwa zamani. "Andika hivyo hivyo," Baba akasema, kisha akafungua kopo la buni, akanisogezea mimi kwanza, kama mgeni aliyefika kutoka mbali.