Zimwi la Dada Nekesa

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, iliyoanikwa juu ya magunia ndiyo iliyotuamsha kila siku kule Kisumu Ndogo, Kibera. Wanaosema ni harufu mbaya hawajawahi kulala njaa. Baba alikuwa kibarua wa ujenzi, Mama akiuza hiyo omena, na dada yangu mkubwa, Nekesa, ndiye aliyenilea. Mimi shule niliionja tu. Yeye alijua kusoma vizuri, na mwaka mmoja katika ile miaka ya kwanza ya uhuru alinunua sokoni kitabu kisicho na jalada.

Kilikuwa kitabu cha mapenzi, lakini hadithi yenyewe kila mtoto wa kwetu aliijua: msichana anakataa wachumba wote wa kijijini, anamfuata kijana mzuri kutoka mbali, kumbe zimwi. Kukhu, mama yake Baba, alipotusimulia, hadithi iliisha kwa mifupa ya msichana. Aliyeandika kitabu aliigeuza. Zimwi lake lilikuwa mfalme aliyelaaniwa, lina meno kama misumari, lakini linaimba, linamchumia msichana maua ya mtoni, na halimgusi mpaka akubali mwenyewe. Jumapili baada ya kanisa Nekesa aliwasomea wasichana wa ploti yetu huku wakisukana. Zimwi likipiga magoti, walipiga kelele. "Ai, mimi hata linile tu!" akasema mmoja, wakacheka mpaka vitana vikaanguka. Mimi sikucheka. Kurasa za mwisho zilikuwa zimeng'olewa, nadhani muuza njugu alizifungia njugu zake, kwa hiyo mwisho niliokuwa nao ulikuwa ule wa Kukhu.

Kisha Nekesa akampata Mutua, seremala Mkamba kutoka Kitui, aliyepanga chumba Kabiro, upande wa Kawangware. Siku ya kwanza kumwona alicheka, nikaona meno yake ya mbele yamechongwa yakawa na ncha. Wazee wa kwao waliona huo ndio urembo, lakini mimi nani angeniambia? Nilijificha nyuma ya mapipa ya maji. Tangu hapo nilimfuata dada yangu hata chooni, na tukilala nilishika nguo yake.

"Dada, huyo atakula wewe."

"Wewe mtoto, acha wazimu. Enda ulete maji."

Siku Mutua alipokuja kumwona Baba, Mama alichinja kuku. Kwetu Waluhya firigisi ni ya mwenye nyumba, na akitaka kumheshimu mgeni, humpa. Mwanamke haigusi, na mtoto wa kike kama mimi ndiyo kabisa. Baba hakumtaka Mkamba. Tangu asubuhi alikuwa amenuna. Lakini mgeni ni mgeni, akaisukuma ile firigisi kwenye sahani ya Mutua bila kumtazama. Mimi nilikuwa mlangoni, nasubiri nione akifungua mdomo.

Mutua akaniona. "Shemeji mdogo, mbona unaniangalia hivyo? Njoo. Shika." Akanipa firigisi.

Mama alijishika mdomo. Nekesa alitazama sakafu kama mtu anayengoja kofi. Mimi niliitafuna haraka kabla mtu hajaninyang'anya, kisha nikasema kwa sauti kubwa, "Si zimwi! Zimwi haliwezi kupeana nyama!"

Baba akanitazama, akamtazama Mutua, aliyekuwa ameyaficha meno yake yote.

"Kijana, umempa msichana firigisi?"

"Niliona kama ana njaa, Baba."

Baba akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika. "Basi huyu wangu mkubwa hatalala njaa." Nekesa akapumua, nami usiku huo nililala bila kushika nguo ya mtu.

Siku hizi mjukuu wangu anasoma hadithi za namna ile kwenye simu, na zake zina mwisho. "Shosh, huyu zimwi ni mtamu!" ananiambia. Namjibu kwamba kuimba kila mtu anaimba, yeye aangalie mtu hufanya nini akipewa sahani. Nekesa na Mutua bado wako Kabiro, wamezeeka pamoja. Yale meno yaliyonitisha yameng'oka yote. Nikichinja kuku nampelekea shemeji yangu firigisi. Anaizungusha mdomoni, inamshinda, anaitoa na kunipa mimi. Naipangusa kwa leso yangu, naila mbele ya watu wote.